Wapenda magari ya matopeni hula nini?

MSOMAJI, ikiwa nyumbani kwako yuko kijana aliyemaliza Kidato cha Nne na hujui umpeleke wapi, kaa kitako tuzungumze. Kisa hiki ni cha Nyalenda, Kisumu, lakini huenda kesho kikawa chako.

Jumamosi moja asubuhi mama mmoja muuza samaki, jirani yangu, alimtuma mwanawe dukani akanunue mafuta ya taa. Duka lenyewe haliko mbali, hata mtoto wa chekechea huenda na kurudi peke yake. Kijana alirudi saa saba mchana. Mikono ilikuwa myeusi kama masizi, shati lilikuwa na doa la mafuta ya gari, na mafuta ya taa hakuyaleta. Pesa alikuwa nazo bado mfukoni, zimelowa grisi.

Alikuwa wapi? Alikuwa kando ya Ring Road, amelala chini ya Land Rover kuukuu iliyofunguliwa giaboksi. Hakuna aliyemwita na hakuna aliyemlipa. Alikuwa anamshikia fundi tochi.

Mama hakupiga kelele. Alizichukua zile pesa, akazipangusa kwa leso, kisha akanigeukia mimi.

“Wewe unayeandika magazetini, hebu niulizie,” akasema. “Hawa watu wanaopenda haya magari ya matope, huwa wanakula nini? Nani huwalipa?”

Usicheke, msomaji. Swali hilo lilikuwa zito kuliko lilivyosikika. Kwa miaka miwili mama huyo alikuwa akiweka akiba kutokana na samaki anaouza katika Soko la Jubilee. Akiba ilitosha karo ya muhula wa kwanza wa kozi moja tu. Mjomba wa kijana alikuwa ameshamtafutia nafasi ya kusomea uhasibu, na chuo kilikuwa kimetoa wiki tatu za kujibu. Kijana naye alisema uhasibu hautaki, anataka magari, tena si magari yoyote bali yale ya kupanda milima na kuvuka mito. Nyuma yake yuko dada yake wa Kidato cha Pili, naye anahitaji karo. Mkoba ni mmoja.

Nilimwahidi mama yule kwamba nitauliza. Haya ndiyo niliyoyapata.

Wenye mifuko mizito

Watu wengi wakisikia habari za magari ya nyikani, akili hukimbilia mashindano. Basi na tuanzie huko.

Kila mwaka, karibu na sikukuu ya Madaraka, hufanyika hapa Kenya shindano liitwalo Rhino Charge. Lilianza mwaka wa 1989. Magari huachiliwa mahali pasipo na barabara, tena mahali ambapo husitiriwa mpaka siku zikaribie. Kila gari hupewa saa 10 kufikia vituo 13. Anayeshinda si aliyekimbia kuliko wengine, bali yule aliyefika vituo vyote kwa mwendo mfupi zaidi. Kwa sababu hiyo wenye moyo hawazunguki mlima. Huupanda. Wakikuta korongo, huteremka ndani yake.

Pesa zinazochangwa na washindani huenda kwa Rhino Ark, shirika linalozungushia misitu ua wa umeme ili wanyama wasiharibu mashamba na watu wasiharibu msitu. Ua wa Aberdare, wenye urefu wa takriban kilomita 400, ulikamilika mwaka wa 2009. Kwa hivyo maji wanayokunywa watu wa Nairobi, yatokayo Aberdare, yana deni fulani kwa hao wendawazimu wa matope.

Sasa uliza: watu hawa hufanya kazi gani siku za Jumatatu? Utakuta wakulima wa mashamba makubwa, wafanyabiashara, wahandisi, wenye kambi za watalii na wenye karakana. Gari la kushindana haliwapi ugali hata kidogo. Wao ndio wanaolipa gari ugali. Lataka magurudumu, ekseli, springi na mafuta, na likipinduka mara moja linameza mshahara wa mwalimu wa mwaka mzima.

Ndivyo ilivyokuwa hata katika Safari Rally, mbio zilizoanza mwaka wa 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Mbio hizo za kwanza zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, zikilizunguka hili ziwa letu. Mmoja wa walioshinda Safari mara nyingi kuliko wengine ni Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda mwaka wa 1945. Alishinda mara tano: 1973, kisha 1979, 1980, 1981 na 1982. Mehta alitoka katika jamaa ya matajiri wa sukari wa Lugazi. Alikuwa dereva hodari kwelikweli, hilo halina ubishi, lakini hakuanza kwa kuuza samaki ili anunue tairi.

Kwa hiyo jibu la kwanza kwa mama yule si la kufurahisha. Kuna wapenda magari wanaolilisha gari. Ikiwa kijana anaota kuwa mmoja wao, na atafute kwanza kazi nyingine.

Waliolishwa na spana

Lakini usikate tamaa, kwani kuna upande wa pili.

Kericho iko kilomita takriban 80 kutoka hapa Kisumu. Huko ndiko alikozaliwa Joginder Singh mwaka wa 1932. Baba yake alikuwa fundi aliyetoka India akafungua gereji, na Joginder alikulia katikati ya spana na mapipa ya mafuta. Kabla hajawa nyota, aliajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki kuzunguka barabarani akiwasaidia madereva walioharibikiwa. Fikiria kazi hiyo, msomaji. Kila siku wewe ndiwe unayeona jinsi gari linavyovunjika, mahali linapovunjikia, na sababu yake.

Mwaka wa 1965, yeye na nduguye Jaswant waliingia Safari kwa Volvo ambayo haikuwa mpya. Ilikuwa imekwisha kushindaniwa na watu wengine, wakaiacha huku. Joginder aliifungua, akaijenga upya kwa mikono yake, akashinda. Alishinda tena 1974 na 1976, safari hiyo kwa Mitsubishi Lancer. Kati ya Safari 22 alizoshiriki alizimaliza 19, na wanaojua mbio hizo husema hiyo ndiyo ajabu kubwa kuliko ushindi wenyewe. Waliokuwa na mbio kama yeye walikuwa wengi. Waliojua wakati wa kulihurumia gari walikuwa wachache. Alifariki mwaka wa 2013.

Umeona tofauti? Mehta alikuja na mali, Joginder alikuja na ufundi. Wote wawili walipenda matope. Ila mmoja, hata kama asingeshinda mbio yoyote, angekula kwa spana yake mpaka uzeeni.

Na wasichana je? Kwa kuwa ukurasa huu husomwa na kina baba wenye mabinti, sitampita Orie Rogo Manduli, mzaliwa wa Maseno, hapa jirani. Alisomea ualimu, akawa Miss Kenya mwaka wa 1964, na mwaka wa 1974 akaingia Safari Rally, mwanamke wa kwanza Mwafrika kufanya hivyo. Hakuifanya kuwa kazi ya maisha. Alikuja kuwa kiongozi wa Baraza la Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, na watu wakamjua kwa vilemba vyake na kwa ulimi wake usioogopa mtu. Alifariki mwaka wa 2021. Nakutajia habari zake ili siku binti yako akikwambia anataka kushika usukani wa gari la matope, usimwambie hakuna wa kwetu aliyewahi.

Wanaolipwa kukanyaga matope

Sasa tuyaache mashindano, kwa maana kazi yenyewe haiko huko.

Kenya ina barabara za zaidi ya kilomita 160,000, na sehemu kubwa yake haina lami. Hapo ndipo ugali ulipo. Chanjo za watoto lazima zifike Nyatike. Nguzo ya umeme ikianguka kwenye mteremko wa Nyakach, lazima mtu aifikie. Karatasi za mitihani, dawa za mifugo, mashine za kuchimbia visima, mahindi ya msaada wakati Budalang'i imefurika, vyote hivyo husafiri kwa magari ya magurudumu manne, na kila gari lina dereva anayelipwa mwisho wa mwezi.

Sisi wa Kisumu tunayajua matope kuliko wengi. Nyanda za Kano zina ule udongo mweusi uitwao udongo wa pamba. Kiangazi hukauka ukapasuka nyufa za kuingiza mguu. Mvua ikinyesha hunywa maji, ukafura, ukawa kama ugali usioiva. Unashika tairi, unajaza mianya yote ya tairi, na tairi linakuwa duara laini lisiloshika kitu. Mto Nyando nao ukivunja kingo, barabara haionekani kabisa. Mwaka wa 2020 hata ziwa lenyewe lilipanda likafukuza watu majumbani mwao hapa ufuoni.

Dereva asiyejua akikwama humo hukanyaga mafuta kwa hasira. Gari linajichimbia kaburi. Dereva anayejua hushuka kwanza. Hutazama. Hupunguza upepo kwenye matairi ili yatandaze tumbo, yapate kushika eneo kubwa zaidi. Hutia gia ya nguvu, ile ya mwendo wa kinyonga, akatoka polepole kana kwamba amebeba mayai. Akikuta maji yaliyotulia, huyaingia kwanza kwa miguu akiwa na fimbo. Maji yanayokwenda kwa nguvu hayavuki kabisa, hata awe na gari la namna gani. Huyo ndiye anayeajiriwa, na mwenye gari halali macho usiku akijiuliza gari lake liko wapi.

Madereva kadhaa wa namna hii wanaishi hapa hapa Nyalenda, nyumba za kupanga za mabati. Ukimwona mmoja Jumapili amevaa suti kanisani huwezi kujua kwamba Ijumaa alikuwa amezama matope mpaka kiunoni, akisukuma gari la watu.

Fundi wa Ring Road

Nilirudi kwa fundi yule wa Land Rover. Ni mtu wa makamo, vijana humwita jaduong' kwa heshima. Kibanda chake ni nguzo nne na mabati, na chini ni ardhi iliyokunywa mafuta machafu mpaka ikawa nyeusi. Nilimpelekea swali la mama kama lilivyo.

Alicheka, kisha akanionyesha gari lililokuwa mbele yake. “Hili ndilo shamba langu,” akasema.

Akanieleza. Land Rover ilianza kutengenezwa Uingereza mwaka wa 1948, wakati chuma kilikuwa adimu baada ya vita, basi bodi yake ikafanywa kwa aluminiamu. Ndiyo maana utaona bodi ya gari la mzee mmoja huko Nyakach bado nzima baada ya miaka arobaini. Lakini chesi chini yake ni ya chuma, na chuma huliwa na kutu. Gari linaonekana zima juu, chini limeoza. Hapo welda anapata kazi ya siku nne. Land Rover za mtindo ule wa zamani ziliacha kutengenezwa mwaka wa 2016, lakini zilizoko barabarani hazijui habari hiyo. Zinaendelea kuvunjika, na kila inayovunjika inatafuta fundi.

Toyota Land Cruiser nazo zimejaa kila shirika. Zile za mtindo wa 70, zilizoanza mwaka wa 1984, bado zinatengenezwa mpaka leo, na pikapu zake huunganishwa Mombasa. Fundi anayeijua ya zamani anaijua pia nusu ya mpya.

Nikamuuliza kwa nini magari haya yanampa kazi kuliko saluni za watu wa ofisini. Akaniita niiname naye chini ya gari. Gari la kawaida, akasema, lina difu moja. Hili lina mbili, na kati yake kuna boksi la pili la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma. Propela ni mbili. Kila kiungo kina bushi yake, sili yake, mafuta yake. Gari likivuka mto maji yakaingia kwenye difu, mafuta hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Mwenye gari asipoyabadilisha wiki hiyo, meno huliwa. Mara mia fundi hulipwa kubadilisha mafuta, na mara moja hulipwa kubadilisha difu nzima. Yeye hupendelea ile mia, kwa sababu wateja wa mafuta hurudi, na aliyeunguziwa difu huenda akauza gari.

Kisha akanifundisha jambo ambalo sikulijua, nawe huenda hulijui. Difu ya kawaida hupeleka nguvu kwenye gurudumu lililo jepesi kuzunguka. Barabarani hiyo ni baraka, gari hukata kona vizuri. Matopeni ni balaa. Gurudumu moja likining'inia hewani, lenyewe linazunguka kama feni, na lile lililokanyaga ardhi ngumu linakaa tu likitazama. Ndiyo sababu wapenda matope hutafuta difu za kufungwa, zinazolazimisha magurudumu yote mawili kuzunguka pamoja. Kijana anayeweza kuifunga difu hiyo vizuri, alisema, hatembei akitafuta kazi. Hutafutwa, hata kutoka Eldoret.

Yasiyosemwa na wanaosifu

Msomaji, sitakuwa mkweli nikikuonyesha asali nisikuonyeshe nyuki.

Kwanza, kazi hii haina mshahara wa kila mwezi. Wiki moja magari manne, wiki nyingine hakuna hata la kubadilisha plagi. Kwa fundi aliye na watoto shuleni, wiki kavu huumiza kama jino.

Pili, kuna deni. Mteja huja akilia kwamba gari linahitajika kesho kwa mazishi. Ukilitengeneza usiku kucha, asubuhi anakwambia atakutumia pesa kwa simu akifika. Fundi yule alinionyesha daftari lililojaa majina. Akasema somo ambalo angependa kijana yeyote alijue kabla ya kufungua injini ya kwanza ni hesabu: kuandika bei, kuchukua malipo ya mbele ya kununulia spea, na kuweka risiti. Nilipomsikia nilikumbuka ule uhasibu ambao kijana wetu aliukataa.

Tatu, kuna hatari. Jeki huteleza. Usiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake bila vigingi. Waya wa winchi ukikatika chini ya mzigo hupiga kama mjeledi, ukavunja mguu wa mtu. Wajuao hutupa blanketi au koti zito juu ya waya kabla ya kuvuta, na watazamaji hufukuzwa mbali. Watoto wa mtaa hupenda kusogea. Wafukuze, hata wakikuita mkali.

Nne, kibanda kando ya barabara hakina hati. Barabara ikipanuliwa, tingatinga haliulizi ulianza lini. Fundi mwerevu huweka akiba ya kupanga mahali pengine, na vifaa vyake ni vya kubebeka.

Tano, magari yanabadilika. Kwa kuwa sheria yetu hairuhusu kuingiza nchini magari yaliyotumika yaliyozidi miaka minane, kila mwaka yanakuja mapya zaidi, yenye waya nyingi na kompyuta inayoamua injini ipewe mafuta kiasi gani. Fundi anayejua nyundo tu atabaki na magari ya wazee mpaka yaishe. Anayejua kusoma makosa ya kompyuta na kufuata waya atakula na wa zamani na wa sasa.

Njia ya kupitia

Je, mzazi afanyeje? Sikuandiki wewe amri, ila haya niliyaona yana maana.

Mpeleke kijana kwa fundi anayeaminika wakati wa likizo, kwa wiki sita, bila kumpa pesa ya kuchezea. Mapenzi ya kushika tochi Jumamosi ni kitu kimoja, na kuosha difu kwa dizeli wiki tatu mfululizo ni kitu kingine. Akirudi bado ana hamu, ujue si ya kitoto.

Kisha usimwache kwenye kibanda bila karatasi. Wengi wa mafundi wetu wana mikono ya dhahabu, lakini shirika likitangaza kazi huambiwa walete cheti. Mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, NITA, ina kituo chake hapa Kisumu. Mitihani yake ya ufundi huenda kwa daraja tatu: mtu huanza daraja la tatu, akapanda la pili, mpaka la kwanza. Hata aliyejifunzia kibandani anaweza kuufanya. Anayetaka darasa zaidi ana Chuo cha Kitaifa cha Ufundi cha Kisumu na Ramogi, zote ziko karibu.

Leseni ya kuendesha nayo isichelewe akishatimiza miaka 18. Fundi asiyeweza kulijaribu gari barabarani ni kama mpishi asiyeonja mchuzi.

Na kama bado anaota mbio, mwache aote. Safari Rally iliondolewa katika mashindano ya dunia baada ya mwaka wa 2002, watu wakadhani imekufa. Ilirudi mwaka wa 2021, huko Naivasha. Mwaka uliofuata kijana wa Kenya, McRae Kimathi, alikwenda kushindana kwenye theluji ya Sweden. Ni kweli baba yake, Phineas Kimathi, alikuwa dereva wa mbio na kiongozi wa mchezo huo, kwa hiyo mlango haukuwa mgeni kwake. Lakini nyuma ya kila dereva kuna mafundi, na hao hawaulizwi baba zao ni nani. Huulizwa kama wanaweza kubadilisha giaboksi upesi kabla gari halijachelewa.

Mkoba wa mama

Nilimpelekea mama yule majibu jioni, akiwa anakunja mikeka ya samaki. Nilimwambia kwamba wapenda magari ya matopeni wako wa aina tatu. Kuna wanaolilisha gari, nao walikuwa matajiri tangu zamani. Kuna wanaolishwa na kuliendesha mahali ambapo wengine wanaogopa. Na kuna wanaolishwa na kulitengeneza likirudi limevunjika. Nikamweleza hatari zote, hata habari za daftari la madeni.

Alinyamaza kwa muda mrefu. Alipozungumza hakuzungumza nami. Alimwita mwanawe.

“Wuoda,” akamwambia, “hizo wiki tatu chuo kilichotupa, utazimaliza kwa jaduong' pale Ring Road. Kila siku, mvua na jua. Jioni utaniandikia kwenye daftari kazi uliyofanya na pesa ambayo mwenye gari alilipa. Ukikosa siku moja, unaenda uhasibu.”

Kijana hakukosa. Siku ya kumi na moja ilinyesha mvua ya Kisumu ile inayozuia hata mbwa kutoka nje. Nilipita pale nikamwona amepiga magoti kwenye maji machafu, akitoa bushi iliyogoma. Hakuniona.

Wiki ya tatu ilipokwisha mama aliketi na lile daftari chini ya taa, akasoma kurasa zote. Hakusema neno juu ya ndoto wala mapenzi. Alihesabu. Alitazama jinsi magari matatu kati ya kumi na manane yalivyoondoka bila kulipa, na hapo akatikisa kichwa. Kisha alifungua mkoba. Sehemu moja aliitenga kwa mtihani wa daraja la tatu na seti ya spana. Sehemu iliyobaki aliifunga kwenye leso akaiweka kando, akasema ni ya binti na isiguswe na mtu.

Mjomba alikasirika. Mpaka leo husema nafasi nzuri ilitupwa matopeni. Huenda ana haki, maana ni mapema mno kujua. Kijana amefaulu mtihani wa kwanza, na bado hajapata mshahara wa kuitwa mshahara.

Lakini Jumamosi iliyopita nilimwona mama yule mlangoni akimtuma tena dukani. Kijana alikwenda na akarudi upesi, mafuta ya taa mkononi. Nilipomtania kwamba siku hizi amejifunza njia ya duka, alinijibu huku akipangusa mikono.

“Jumamosi si siku ya kuchelewa,” akasema. “Kuna Land Cruiser inanisubiri, na mwenyewe amelipa mbele.”